Simbilisi Si Mtu

Ukitaka kuiharibu siku ya Bwana Maabara, ilitosha kutamka "dawa ya magugu" mbele yake. Alikatiza salamu, akaweka sigara pembeni, akakutazama kama mtu aliyekukuta umevaa viatu vyake. "Dawa inaponya nini?" alikuuliza. Ukijibu kwamba hii haiponyi, inaua majani, alisema, "Na kinachoua kinaitwaje?" Hakukuachia mpaka ulitamke neno sumu kwa mdomo wako. Nimewaona wazee na heshima zao, waliokuja kumwomba tu amtazame ndama anayeharisha, wakisimamishwa uani kwake, mtaa wa Ramadhani pale mjini Njombe, wakirudia "sumu ya magugu" kama watoto wa darasa la kwanza. Wengine waliondoka wamenuna. Mimi zamani nilicheka, siku hizi sicheki.

Jina lake nalijua na silitaji. Hakupenda kuitwa jina, alipenda kuitwa kazi yake, hata baada ya kazi yenyewe kumtupa. Alikuwa mtu wa maabara ya mifugo, wa kuchungulia damu ya ng'ombe kwenye hadubini na kuandika alichokiona. Ilipofika miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa, wakubwa wakaanza kupunguza wafanyakazi, na yeye wakampunguza. Aliondoka na koti jeupe, hadubini mbovu iliyokuwa inatupwa, na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari kwa karatasi ya kaboni ili ibaki nakala. Koti lile alilivaa juu ya sweta kila asubuhi, akatoka uani, akawasha sigara, kama vile kuna mtu anamngoja ofisini.

Mimi na mume wangu tulipanga nyumba ya pili kutoka kwake kwa miaka sita. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia sokoni.

Jikoni kwake kulikuwa na simbilisi, vile vinyama vinono visivyo na mkia, vidogo kuliko sungura. Hilo si ajabu kwetu. Njombe nyumba nyingi zinafuga simbilisi jikoni, kwa sababu baridi yetu inaua na jikoni kuna joto. Wanakula maganda ya mahindi na majani, wanalia kwi kwi ukifungua mlango, na siku ya mboga kuadimika unamkamata mmoja. Lakini wa Bwana Maabara walikuwa na namba. Kila mmoja alikuwa na kibanda chake cha mbao na ukurasa wake kwenye daftari: amekula nini, ana uzito gani, leo kapumua vipi. Alipima pumzi za simbilisi kwa saa ya mkononi, amekaa kwenye kigoda, midomo ikihesabu. Watoto walimwita Baba Simbilisi wakikimbia, naye aliitika.

Ajabu yake ni kwamba hakuwahi kuwala. Aliwaua, ndiyo, nami nilimwona, na baada ya kuua alikaa nje na hakutaka chai. Lakini kuweka mmoja mchuzini, hata. "Huyu kanifanyia kazi," alisema. "Wewe ungemla karani wako?" Simbilisi mwenye mimba alimwekea sweta lake, yeye akatetemeka na koti lile jepesi. Na mtu huyo huyo, aliyejua mapafu kuliko wengi niliowahi kukutana nao, alivuta sigara mpaka vidole vikawa na rangi ya chai ya rangi. Nikimsema anajibu, "Mimi ni jaribio la muda mrefu, mwanangu. Usiniharibie."

Alikuwa na msemo wake mwingine ambao uliwachosha watu: "Soma yote." Ukimletea barua, tangazo, karatasi ya hospitali, ukaanza kumweleza ilivyosema, anakukata. Soma yote. Usiniletee sentensi moja. Nilimwona anakuwa mkali hivyo nikadhani ni ukorofi wa uzee. Hapana, alikuwa anawajua watu wa ofisi.

Sasa niseme la mume wangu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mpaka leo nikiona chupa ya soda yenye maji ya kijani siipiti bila kuuliza ndani kuna nini.

Tulihamia Makambako kwa ajili ya biashara. Mji ule ni wa njia panda, malori hayaishi, nami nikafungua banda la chakula: ugali, maharage, viazi, nyama siku zinapokuwa nzuri. Mume wangu akapata kibarua kwenye shamba kubwa la mahindi nje ya mji, kupiga hiyo sumu kwa bomba la mgongoni. Sumu ilinunuliwa dukani mjini, imemiminwa kutoka kwenye pipa na kuuzwa kwenye chupa za soda, bila karatasi ya maelezo, bila onyo, bila hata jina. Mwenye duka akiulizwa ni nini anasema "dawa". Neno hilo hilo unalomwambia mtoto anywe akiwa na homa. Kuna waliojipaka kichwani kuua chawa, kwa sababu dawa ni dawa, na nani wa kuwalaumu?

Bomba la mume wangu lilikuwa linavuja. Alimwambia msimamizi, msimamizi akamwambia kama anaona ni zito aache, watu wa kazi wapo. Hakuacha. Alirudi siku nne mfululizo shati limelowa mgongoni, na mimi nikadhani ni jasho. Nalisema hivyo hivyo: nilidhani ni jasho. Mgongo ukababuka. Ulimi ukatoka vidonda akashindwa kula ugali. Wiki haijaisha kifua kikabana, akawa anapumua juu juu, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi.

Hospitali tuliyompeleka walisema nimonia. Mtungi wao wa oksijeni ulikuwa mtupu. Nikapiga simu ya posta Njombe, nikaacha ujumbe kwa jirani wa Bwana Maabara, na kesho yake mchana akatokea. Alikuwa amekwenda kupiga magoti hospitali nyingine, ya misheni, mbali, wakamwazima mtungi, na dereva mmoja wa lori, mtu wa Tabora, mteja wangu wa kila safari, akaubeba juu ya magunia ya viazi. Yule mzee aliingia wodini anausukuma mtungi mwenyewe, koti jeupe limejaa vumbi, wauguzi wakadhani ni daktari mgeni. Akafunga mpira, akaweka kifaa puani kwa mume wangu, akamshika mkono. "Vuta, kijana wangu. Vuta." Mume wangu alitabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Alikufa siku ya tatu.

Kwa mtungi ule nilimpenda mzee yule kama baba aliyenizaa. Kila tulipoonana, mwaka hadi mwaka, nilimwambia, "Mzee, Mungu akulipe kwa mtungi ule." Na kila mara alipapasa mfukoni akawasha sigara na kuuliza habari za watoto. Nikasema, huyu ni muungwana, hapendi kusifiwa.

Baada ya msiba ndipo nilipowajua watu. Miaka ile Makambako, mtu akifa kwa kifua angali kijana, maneno yalikuwa tayari yameshapikwa. Ni ule ugonjwa. Na mke wake anauza chakula stendi, anahudumia madereva, unategemea nini? Banda langu likawa jeupe kwa wiki mbili. Wanawake niliosuka nao mikeka walivuka barabara wakiniona. Nikaenda kupimwa, nikaambiwa sina, nikaonyesha karatasi, wakasema karatasi siku hizi zinanunuliwa. Yule dereva wa Tabora peke yake ndiye aliyekuwa anakuja, anakaa katikati kabisa pale ambapo kila mtu anamwona, anasema kwa sauti, "Mama Upendo, niwekee sahani mbili, nina njaa." Nilijua hana njaa ya sahani mbili.

Kilichoniuma kuliko vyote ni mama mkwe. Alitoka kwao Mlangali kwa matanga, na siku ya kugawa nguo akasema za mwanawe zichomwe zote, na vyombo nilivyokuwa namlishia vichomwe. Kisha akasema wajukuu ataondoka nao kabla sijawamaliza na wao. Alinipa mpaka mavuno. Nikabaki nimeshika shati moja la kaki, lile la kazini, nimelificha chini ya gunia la mkaa. Sikujua nalificha kwa nini. Lilikuwa linanuka mpaka pua inawasha.

Shati hilo nikampelekea Bwana Maabara. Alilinusa, akaligeuza, akaona kitambaa cha mgongoni kimekwisha kufa rangi. Akaniuliza maswali mengi, siku ngapi, bomba gani, ulimi ulianza lini, akaandika. Kisha akasema, "Hii si nimonia, na si huo wanaousema. Lakini mimi kusema haitoshi. Inabidi tuulize."

Aliwauliza simbilisi. Alinunua chupa ile ile ya kijani duka lile lile. Akawanyoa migongo, akawafunga vitambaa vyenye upana wa vidole viwili. Kundi moja kitambaa kimeloweshwa maji, kundi lingine kimeloweshwa sumu kama inavyochanganywa shambani. Kila kitu kingine sawa: chakula, joto, mahali. Wa maji waliendelea kula na kulia kwi kwi. Wa sumu walinyamaza siku ya tatu. Baadaye wakaanza kupumua vile, mabega juu, mabega chini. Nilitoka jikoni. Sikuweza kuwatazama, nilikuwa nimeshawaona kwa ukubwa wa mume wangu.

Nataka niwe mkweli, kwa sababu yeye alikuwa mkweli kupita kiasi. Alinifundisha kwamba mnyama wa namna hii anaitwa mfano. "Na mfano si kitu chenyewe," alisema. "Simbilisi ana mapafu, na mimi nina mapafu, lakini kuna anayoweza kuniambia na kuna asiyoweza. Nikijidai ananiambia yote, mimi na mwenye duka tuko sawa." Akaandika hivyo kwenye ripoti, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake ulionyooka: Simbilisi si mtu, na matokeo haya yasomwe kwa tahadhari hiyo. Kisha akaeleza kwa kurasa nzima kwa nini, pamoja na tahadhari hiyo, sumu ile lazima iondolewe kwenye chupa za soda.

Mama mkwe nilimbembeleza aje aone. Alikuja na khanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyejiandaa kugombana. Bwana Maabara akamsalimu "Kamwene," akamwekea kigoda, hakumwonyesha ripoti hata kidogo. Alileta mabakuli mawili ya maji. Katika moja akatia mapafu ya simbilisi wa kitambaa cha maji. Yakaelea. Katika jingine akatia mapafu ya yule wa sumu, mazito, meusi kama ini. Yakaenda chini moja kwa moja.

Mama mkwe ni mwanamke aliyepika mbuzi wa harusi na misiba maisha yake yote. Hajakaa shuleni hata siku moja. Alitazama lile bakuli la pili, akaingiza kidole akayagusa, akayainua, akayaachia, yakazama tena. "Mapafu hayazami," akasema. "Hata uyachemshe kutwa, unayasukuma na mwiko yanarudi juu." Bwana Maabara akasema, "Ndiyo, mama." Akauliza, "Na ya mwanangu yalikuwa hivi?" Mzee akajibu kwamba hakuyaona ya mwanawe, aliona ya simbilisi, ila alivyopumua yule ndivyo walivyopumua hawa. Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti, na akiwa analia ananipapasa goti. Watoto hakuwachukua tena. Aliporudi Mlangali alipita kila nyumba akiwaeleza habari ya bakuli.

Yeye alielewa kwa bakuli moja. Sasa sikiliza waliosoma.

Tulikwenda na ripoti kwa afisa mmoja aliyehusika na mambo hayo. Alikuwa na kiti cha kuzunguka na kalenda ya wauza pembejeo ukutani. Alifunua kurasa kwa kidole kimoja. Akafika ukurasa wa pili, akacheka.

"Mzee, wewe mwenyewe umeandika hapa. Simbilisi si mtu."

"Soma yote," Bwana Maabara akasema.

"Nimesoma. Sasa unataka nifunge duka la mtu kwa ajili ya panya?"

"Simbilisi si panya. Na hapo chini nimeeleza. Soma yote, bwana mkubwa."

"Soko ni huria, Mzee. Wananchi wanajichagulia wenyewe."

Nikamtolea uvivu. Nikamuuliza mume wangu alijichagulia lini, chupa haina hata jina. Akanitazama, akamuuliza mzee huyu mama ni nani. Nakala ya ripoti akaiweka juu ya kabati, juu ya makaratasi mengine yaliyokwisha pata vumbi, na mpaka tunatoka nilikuwa natamani kulivuta kabati lile limwangukie. Tulizunguka ofisi tatu. Zote zilijua sentensi ile, kana kwamba walikuwa wanapigiana simu. Ndiyo maana nasema, mtu akiwa mkweli mbele ya watu wa namna hii anawapa kisu. Mwenye duka hakuandika popote kwamba bidhaa yake ina shaka yoyote, na hakuna aliyemuuliza.

Nilimgombeza mzee njiani. "Ungeiacha sentensi hiyo. Sentensi moja tu, Mzee. Ungekufa?" Akatembea kidogo, akasema, "Nikiitoa hiyo, zilizobaki zote zinakuwa dawa ya magugu." Nilimkasirikia mwezi mzima. Sentensi ile niliichukia kuliko matusi yote niliyotukanwa stendi.

Nakala yangu niliitunza kwenye sanduku la nguo. Ilikuwa na ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano. Nilijua wa nne haupo, nikadhani umepotea katika kunakili. Hizo nne zilinitosha. Wateja walirudi taratibu, banda likachangamka, watoto wakakua.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa asubuhi yenye ukungu, nimepanda kutoka Makambako na kikapu cha machungwa. Alikuwa kitandani, koti jeupe limetundikwa msumarini. Sigara zilikuwa zimemmaliza. Alipumua kwa mabega. Jikoni kulikuwa kimya, simbilisi wote aliwagawa kwa majirani kwa sharti kwamba asiambiwe waliishia wapi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za malori?"

Nikamwambia malori yapo, watoto wazima. Kisha, kama kawaida yangu, nikasema, "Mungu akulipe kwa mtungi ule." Akapapasa shuka akitafuta mfuko ambao haukuwepo. Hakukuwa na sigara ya kuwasha.

"Vuta hilo sanduku," akasema.

Ndani, juu kabisa, ulikuwa ukurasa wa nne. Wino wa kaboni umefifia lakini unasomeka. Jaribio la pili. Simbilisi wote wamepewa sumu ile ile, kipimo kile kile. Nusu yao wamewekwa kwenye sanduku lenye hewa ya kawaida. Nusu wamewekwa kwenye sanduku lililofunikwa nailoni na kupelekewa oksijeni, mtungi umeazimwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Wa oksijeni walikufa kwanza, wote, na mapafu yao yalikuwa mabaya zaidi. Oksijeni, aliandika, inaisaidia sumu hii kuchoma mapafu.

Nilisimama. Niliketi. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, hasira yote niliyoizungusha ofisi tatu, sasa imekosa afisa, imemkuta mzee kitandani. "Ukaninyima ukurasa," nikasema. "Wewe. Wewe wa kusema soma yote."

"Ofisi niliwapa. Hospitali niliwapa, wasije wakampa mwingine. Hakuna aliyefika ukurasa wa nne." Alipumzika, akavuta pumzi nyingine. "Wewe tu ndiye ungefika. Na wewe nilikuogopa."

Nikatazama zile pumzi zake. Nikakumbuka vumbi kwenye koti, na "vuta, kijana wangu". Nikaitafuta ile sentensi kwenye ukurasa, juu, chini, pembeni. Haikuwepo. Popote pengine aliiandika, ila hapa, mahali pekee ambapo ingemkinga yeye, hakuiandika. Basi nikaitamka mimi, kwa mdomo wangu ulioichukia miaka yote hiyo.

"Mzee. Simbilisi si mtu."

Akafumba macho kama mtu aliyepigwa. "Na wewe pia?" akasema. "Soma yote."

Kwa hiyo nikasoma yote. Nikasoma kwa sauti, taratibu, mstari kwa mstari, uzito wa kila simbilisi na saa aliyokufa, mpaka mwisho wa ukurasa kwenye tarehe na sahihi. Tarehe nikairudia mara mbili. Siku hiyo mume wangu tulikuwa tumekwisha kumfanyia arobaini.

"Nimesoma yote," nikamwambia. "Ulikuwa hujui. Ulipoleta mtungi ulikuwa bado hujauliza."

Mkono wake nilikuwa nimeushika, mabega yake yanapanda na kushuka.

"Basi jambo hili liandike hivyo hivyo," akasema. "Na mtungi uutaje."